Maimuna na Mita ya Umeme

Maimuna wa Mwabungo alikuwa hatulii. Kila akijibu barua pepe mbili tatu za wageni wa hoteli, huyo, ashainuka kitini kwenda uani kutazama mita ya umeme, kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Tokeni, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia, zilikuwa zikiyeyuka na hajui zinakwenda wapi.

Hoteli moja ya Diani ilimkubalia afanyie kazi nyumbani tangu mamake, Bi Mbeyu, apooze upande mmoja. Walimpa kompyuta kuukuu ya mezani na tokeni za mwezi mzima. Lakini Harrison, msimamizi wake, alimwambia wazi: tokeni zikikuishia tena saa za kazi, rudi ofisini. Arudi, na mama amwachie nani? Swali hilo lilimnyima hata ladha ya chakula.

Basi akatangaza vita. Friji akaizima, pasi akaifungia kabatini. Esha, jirani yake, alipokuja kuchaji simu kama kawaida, alikuta soketi imezibwa kwa utepe wa gundi.

"Ala! Maimuna, umekuwa bahili siku hizi?"

"Sema utakalo, dadangu. Simu yako kaichaji kwako."

Esha akaenda zake amenuna. Maimuna aliona haya, lakini hakumwita arudi.

Kompyuta peke yake hakuishuku. Ndiyo iliyowalisha, nani angeishuku? Jioni alizima kioo tu, akiogopa kwamba ikizimwa yote itakawia kuwaka asubuhi, Harrison apate la kusema. Kisha akaifunika, kioo na sanduku lake, kwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile runinga inavyofunikwa sebuleni mwa watu wastaarabu, isiingie mchanga na chumvi ya bahari. Ikinguruma humo ndani, yeye husema ni uzee.

Ijumaa moja, kazi imekwisha na kitambaa kiko mahali pake, alichomoa kila alichokiona na kwenda kwenye mita. Kijitaa chekundu, kinachoonyesha umeme unaliwa, bado kilikuwa kikiwaka na kuzimika mbio mbio! Akarudi ndani na hasira zake, akapapasa kuta, nyaya, meza. Mkono ulipogusa kitambaa aliurudisha upesi. Kilikuwa cha moto. Alipokivuta, joto lilimpiga usoni. Kumbe mashine haikuwa ikilala. Usiku kucha, kila usiku, ilikuwa macho inakula umeme bila kumfanyia mtu kazi.

Aliizima kabisa, akakimbilia uani. Kijitaa kimetulia. Maimuna alicheka peke yake, akapiga na kigelegele. Sasa haendi ofisini, mama habaki peke yake! Akaenda chumbani mbio kumpa habari.

Bi Mbeyu alilala chali, kanga imelowa jasho, shingo imejaa vipele vya joto. Furaha ikamkauka Maimuna. Aliinama, akachomeka feni ya mamake, maana hiyo nayo aliichomoa tangu vita vilipoanza.

"Kumbe haikuharibika?" Bi Mbeyu akauliza, ulimi mzito.

"Haikuharibika, mama. Niliichomoa mimi. Mbona hukuniambia kwamba unaungua hivi?"

Bi Mbeyu alifumba macho, upepo ukimpita usoni.

"Nilikusikia ukihangaika huko nje, mwanangu. Nikahofu nikilalamika, utachoka nami, urudi ofisini."

Maimuna alikaa sakafuni, akamfuta mamake shingo kwa pindo la kanga, machozi yakimtoka.