Fyuzi Mfukoni

Kijana aliyechukua kazi yangu alipoteza mkono wa kulia asubuhi moja, taa ikiwa imezimika. Nitakueleza polepole ilivyokuwa, kwa sababu nawe siku moja unaweza kusimama mbele ya mashine, uone taa imekufa, udhani stima imekwenda.

Ilikuwa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, stima ilipokuwa ikipotea kila mara. Dobi yetu, yaani nyumba ya kufulia nguo, ilikuwa nyuma ya barabara kuu, ikifua shuka za nyumba za wageni kutoka hapo hadi Namanga. Mashine kubwa kuliko zote ilimeza shuka za kujaza pikapu. Mwenye dobi, tuliyemwita mdosi, aliuza shamba la babake akaileta, na aliipenda kuliko mtu yeyote aliyeihudumia.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Kabla ya kuifungua mashine nilishusha swichi kubwa, nikang'oa fyuzi tatu na kuzitia mfukoni, ili mtu asije akaiwasha mikono yangu ikiwa ndani. Siku moja nilikwenda kula nazo, mashine ikiwa wazi bado. Niliporudi, mdosi hakupiga kelele. Aliwaita akina mama wa pasi, akaniamuru nitoe vilivyo mfukoni mbele yao.

"Angalieni, anatembea na stima yangu kama peremende. Kuanzia leo wewe ni fundi wa kuanika."

Walicheka mpaka mmoja akaunguza foronya. Mdosi akakifunga chumba cha swichi, ufunguo akautia pamoja na funguo zake nyingine, nami nikatumwa nje kwenye kamba za nguo, kwenye upepo ule wa Kitengela unaokupaka vumbi hadi ndani ya masikio.

Kijana alitoka Gataka, kule Rongai. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono myepesi, na hakuwa na ubaya. Mtindo wake ulikuwa mmoja: stima ikipotea, anaruka na spana. "Wengine wakipumzika, mimi ndio naingia," alisema, na mdosi alimpenda kwa hilo.

Sasa sikiliza, si jambo gumu. Dobi kama ile inalishwa na waya tatu za moto, ambazo enzi hizo tulizijua kwa rangi: nyekundu, manjano na buluu. Mashine kubwa inazitumia zote tatu. Taa ya chumba inatumia moja tu. Kwetu taa ilikuwa kwenye nyekundu, pamoja na kitufe cha kuwashia mashine. Nyekundu ikikatika peke yake, taa inakufa, mashine inanyamaza, lakini zile mbili zilizobaki bado zimo mle ndani na moto wake wote. Taa haiwezi kukupa habari za waya isiyo yake.

Asubuhi hiyo upepo ulizigonganisha nyaya juu ya nguzo. Nikiwa nje nilisikia mashine ikikoma na mdosi akilaani, maana gari la Namanga lilikuwa njiani na shuka zimo majini. Lakini kwa kinyozi, ng'ambo ya ua, mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma. Nilisimama na kibanio cha nguo mdomoni, nikisikiliza. Kisha nikakimbia ndani.

Kijana alikuwa ameshafungua kifuniko cha nyuma. Kulikuwa na nati ya waya iliyolegea, naye alikuwa akitafuta pa kuingiza spana.

"Usiguse!" nikamwambia. "Kwa kinyozi kuna stima. Imepotea moja tu. Mdosi, fungua chumba nishushe swichi."

"Uzime kitu kimezimika?" Mdosi aliwageukia akina mama. "Mmesikia? Huyu akiona maiti anataka kuinyonga."

Wakacheka.

"Basi toa testa upime kama waya zina moto," nikamsihi kijana.

"Buda, si taa ndio hiyo imezima?" Alikuwa akicheka pia, lakini mkono wake ulisimama. Akamtazama mdosi.

"Kama na wewe unaogopa," mdosi akasema taratibu, "kamba ya nguo ni ndefu. Mtaanika wawili."

Mkono ukaingia.

Hakupiga yowe. Stima ikikushika hivyo, kifua hakifunguki. Alitetemeka tu juu ya maji ya sakafuni, spana imegandamana na kiganja. Mdosi alitoa funguo akaanza kuzichagua: hii ya geti, hii ya gari. Mtu akishikwa na stima usimguse, utashikwa naye. Simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa kitu kikavu. Nilipanda juu ya rundo la shuka kavu, nikachukua ubao wa kukunjia, nikaupiga ule mkono. Haukuachia. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa, ndipo akaanguka.

Alikuwa akipumua. Kiganja hakikutazamika. Walipompakia kwenye pikapu kwenda hospitali kule Kajiado, mdosi alisema watandike gunia kwanza, kiti kisichafuke. Kisha akaniletea ufunguo.

"Maliza. Shuka zinangojewa."

Nilishusha swichi, nikang'oa fyuzi tatu, nikazitia mfukoni. Nikaijaribu testa kwenye waya ya juu ya swichi, ambayo bado ilikuwa na moto, nione kama haidanganyi, nikapima zote tatu za mashine, nikaijaribu tena. Kisha nikachukua kitambaa, nikafuta mabaki ya kiganja kwenye nati. Nyekundu ilirudi mchana, na shuka zikaenda Namanga zikiwa nyeupe. Kwenye meza za pasi mama mmoja tayari alikuwa akiigiza kijana alivyotetemeka, na mwenzake akimsahihisha: "Hapana, magoti yalikuwa yameingia ndani."

Kijana alipopona alirudi kuomba kazi yoyote, mkono umeishia kwenye kifundo.

"Si nilikuambia kamba ni ndefu?" mdosi akasema.

Akawa anaanika kwa mkono mmoja, vibanio kwenye meno.

Siku niliyoifungua tena ile mashine, nilitoka nje nikazitia fyuzi mfukoni mwa kijana, kisha nikarudi ndani kazini. Haikupita muda mdosi akamfuata, akitaka zirudishwe upesi. Kijana alimaliza kuibana shuka iliyojaa upepo, kona hii, kona ile, huku mdosi amesimama kwenye vumbi akingoja. Kisha akatoa vibanio mdomoni.

"Mzee!" aliniita. "Umetoa mikono?"

Nikatokea mlangoni, nikaiinua yote miwili juu. Aliitazama kwa muda. Ndipo akatia mkono mfukoni.