Kumfuata Dada Kiswere kwa Landrova

Jumatatu, katikati ya Aprili 1955. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo, kisha ikashuka tena kama mtu aliyerudi kuchukua alichosahau.

Sababu ya safari ni dada yangu Esha, aliyeolewa Kiswere. Mumewe, Bakari, alioa mke wa pili, akamweka katika nyumba ambayo Esha aliikandika kwa mikono yake mwenyewe. Kuoa ni haki yake, siandiki ili kumwonea, na chakula hakumnyima. Lakini Esha alipoomba kurudi kwetu, alimjibu mbele za watu: "Kwenu si wana gari? Waje wakufuate kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wasipokuja, huna kwenu, tulia." Alijua masika njia haipitiki, na Ramadhani ilikuwa imekaribia.

Asubuhi, Kilwa Masoko. Karani wa barabara aliniambia njia imefungwa kwa malori mpaka mvua ziishe. Nikamwambia hili si lori. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki, ila nilikwenda. Sokoni wauza samaki walinipigia kelele kwamba gari la Mzungu halimtambui mchuuzi wa nazi. Hofu hiyohiyo nami ninayo.

Gari langu la kwanza lilikuwa jipu la vita, halina mlango hata mmoja, na petroli lilikunywa kama ng'ombe kisimani. Siku moja matopeni nilivuta kijiti cha kuyaamsha magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma, huku linakwenda kasi. Chuma kikakatika, likafia palepale. Kosa la jipu au langu? Langu, nadhani. Landrova hii niliinunua kuukuu kwa mpima ardhi, nayo inacho kijiti chake chenye kichwa chekundu. Tangu niinunue sikuwahi kukigusa.

Jioni, Kikole. Nililala kwa Mzee Likunda, mkulima anayeniuzia nazi. Baada ya shikamoo alinipa mihogo ya kuchoma, akaizunguka landrova, akasema inafaa kufugia kuku. Nilipomweleza ninakokwenda aliacha mzaha.

"Nenda," alisema. "Mtu akiambiwa hana kwao, si yeye peke yake aliyetukanwa."

Kesho yake, njiani. Udongo mweusi, unanata. Nilikata matawi, nikachimba kwa jembe, nikavuka kijito maji yakiniingia miguuni. Kila nilipokwama mkono ulikiendea kile kichwa chekundu, ukarudi.

Alasiri, Kiswere. Nilifika, na mbele ya baraza ya Bakari, watu wote wametoka kutazama, landrova ikazama mpaka ekseli. Bakari alikuwa amekaa na tasbihi yake.

"Shemeji," akaniita, "umekuja kuchukua mtu au kuzikwa?"

Wakacheka sana. Ningekuwa mmoja wao ningecheka pia.

Esha akatoka na mzigo kichwani. Hakunisalimu. Akautupa nyuma ya gari, akakaa mbele, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi nimeshapanda," alisema. "Mengine mtajua wenyewe."

Kicheko kikakatika. Bakari akavua kanzu, akaenda kwenye lundo lake la makumbi ya nazi, akawa anayabeba na kuyapanga chini ya magurudumu. Mmoja akamuuliza vipi tena.

"Simsukumi mke wangu aondoke," akajibu. "Nasukuma gari lililoniziba mlango."

Gari lilikuwa limesimama kabisa, hata mimi nilikuwa nimesimama moyoni. Nikavuta kile kijiti chekundu. Hakikukatika kitu. Landrova ikanguruma, ikapanda polepole kama mzee anayeinuka kwenye mswala.

Kurudi. Tulizama tena, lakini safari hii mkono haukusita. Esha hakulia. Alisema talaka yake ataidai akiwa kwao, si kule alikoambiwa hana kwao. Mimi nilidhani jipu lilinifundisha kuogopa chuma. Kumbe lilikuwa linaniambia nisimame kwanza, ndipo nivute.

Nyumbani, Jumatano jioni. Mama alipotoa mzigo alikuta ng'onda mkubwa, samaki wa kukaushwa, amefungwa kwa jani la mgomba. Esha akasema ni Bakari aliyemtia mzigoni, wakati wa kupanga makumbi. Nilidhani Mama atamtupa.

"Samaki huyu hakuoa mke wa pili," alisema, akamtia chunguni kwa tui la nazi.

Tukamla na ugali wa muhogo, na Esha ndiye aliyekomba chungu.