Fawziya na Fleti ya Funguo Mbili

Fawziya alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa figo mjini Nizwa, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye hakuwa na desturi ya kuomba ushauri. Alipoachana na mumewe alikodi fleti ndogo karibu na hospitali, akajifunza kuendesha gari, na akamsomesha binti yake Lujain mpaka akapata kazi Maskati. Kaka yake Harub, aliyekuwa na duka Ibra, alizoea kupewa habari mambo yakishakwisha.

Mama yao, Bi Turkiya, alikulia Bujumbura na kurudi Omani na mumewe, Harub akiwa bado mgongoni. Tangu afiwe na mume aliishi peke yake Mudhaibi, na nyumba yake haikukosa watu. Kila alasiri wanawake wa mtaani walikuja kunywa kahawa na kula sambusa, nusu ya mazungumzo Kiarabu, nusu Kiswahili.

Kisha macho yakamharibikia. Alifanyiwa operesheni Nizwa, na daktari akasema yatahitaji kuangaliwa daima, tena asiishi peke yake. Fawziya akamchukua kwake.

Walipendana, lakini hawakuwezana. Fawziya alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku akikuta mafuta yanachemka jikoni na mama anazungumza kwa simu na shoga zake wa Mudhaibi kwa sauti ya juu.

"Mama, nakuomba, nilale kidogo tu."

"Lala, nani kakushika?"

Siku moja Fawziya alitoka chumbani akaizima simu ya mama katikati ya mazungumzo. Bi Turkiya alikwenda kukunja nguo zake, moja moja, akazipanga kwenye mkoba.

"Nirudishe kwangu," alisema. "Hapa nakaa kama mgeni."

Fawziya alimwomba radhi, akambusu kichwa, na mama akakubali kubaki mpaka mwisho wa mwezi. Mchana ule Fawziya hakupata usingizi. Alijua mama hawezi kurudi Mudhaibi, na alijua pia kwamba fleti ile ya jiko moja haitawatosha.

Wiki ile mwenzake wa kazini alimwambia juu ya jengo jipya lenye fleti za kuuza upande wa Firq. Fawziya alikwenda siku yake ya mapumziko. Dalali, kijana aitwaye Marzouq aliyezaliwa Omani, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alimwamkia vizuri kama mama yake mdogo, khala, kisha akafungua.

"Khala, mlango kubwa iko huu moja. Ndani iko mlango mbili, kila moja na ufunguo yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukiingia mlango wa nje ulikuta ukumbi mdogo. Kushoto palikuwa na fleti ya vyumba viwili, sebule na jiko. Kulia chumba kimoja chenye bafu na jiko lake dogo. Zote mbili ziliuzwa kwa hati moja.

"Watu wanapangisha hii dogo kwa watalii," alisema Marzouq. "Wanakuja kuona ngome."

"Mimi sitaki mtalii. Ingia humo, ufunge mlango, uzungumze kwa nguvu."

Marzouq akaingia, akasoma Alhamdu kwa sauti yake yote. Fawziya, ukutani upande wa pili, alisikia mvumo tu. Aliridhika. Aliuliza habari ya maji, lifti na mita za umeme, akaondoka amekwisha amua nusu.

Ijumaa Harub alikuja kula, na aliposikia kwamba mama atakaa kile chumba cha kulia akaweka kijiko chini.

"Mama yetu umweke mlango wa pili kama mpangaji? Watu wa Ibra watatusema."

"Watu wa Ibra hawaji kumtia dawa ya macho."

"Basi aje kwangu."

"Ngazi za kwako ataziona?" Fawziya aliuliza. "Twende wote, mama akaone mwenyewe."

Walikwenda jioni ile. Fawziya alimshika mama mkono akampeleka kulia, akamwonesha bafu na dirisha linaloingiza mwanga mzuri. Bi Turkiya alipapasa meza ya jikoni, akageuka, kiwiko kikagonga ukuta.

"Pazuri," alisema. "Lakini wageni wangu watakaa wapi? Kitandani?"

Harub alimtazama dada yake kama mtu aliyeshinda. Fawziya aliona haya. Alikuwa amepima kuta, umeme na usingizi wake mwenyewe, asifikirie kwamba mwenye watu ni mama. Yeye alichohitaji ni kitanda na pasi ya sare. Haya hiyo haikudumu.

"Umesema kweli, mama. Chumba hiki changu. Wewe chukua kule."

"Kule kote? Na wewe mwenye kununua?"

"Mimi nalala na kwenda kazini. Tena Lujain akija atalala kwako."

Bi Turkiya alivuka ukumbi, akaingia sebuleni, akasimama katikati akigeuka taratibu. "Kochi refu hapa," alisema. "Harub, lile la Mudhaibi litapita mlangoni?"

Harub aliupima mlango kwa mikono. "Litapita," alisema, na hakuzungumza tena habari ya watu wa Ibra.

Fawziya alitia saini wiki iliyofuata. Mudhaibi si mbali sana kwa gari, na shoga za Bi Turkiya walianza kuja na gari la mmoja wao, wakipitia sokoni kwanza. Siku nyingine Fawziya alikuta ukumbi umejaa viatu mpaka hana pa kukanyaga, akavisogeza kwa mguu huku akinung'unika. Kisha alifunga mlango wake, akavuta pazia, akalala mpaka adhuhuri. Akiamka alikuta mama amemwekea sahani ya chakula juu ya kijimeza cha ukumbini, imefunikwa, na pilipili pembeni.

Wauguzi wenzake wakimuuliza kama fleti ya namna hiyo inafaa, huwapeleka wakaone. Huwaambia waanze kwa kuuliza nani katika nyumba yao ana wageni wengi.