Msitu Uliomdanganya Baba

Baba aliuza shamba letu la chai, nje kidogo ya Keumbu, kwa sababu ya miti. Alikuwa amekwenda Pwani kumtembelea rafiki, akaonyeshwa msitu unaouzwa, miti imesongamana hadi jua halifiki chini. Kwetu Gusii, ukifyeka msitu unavuna bila kubembeleza ardhi. "Msitu kubwa hivi haiwezi kumea mahali mbaya," alimwambia mwenye msitu huo, na yule, aliyejua fika, hakumpinga. Mama alimsihi abakize hata kipande kimoja nyumbani. Baba akamwambia ana roho ndogo.

Tulihama sote. Tukakata miti, tukachoma takataka, na mahindi ya kwanza yakatoka mazuri. Msimu wa pili ndipo udongo ule ulipojionyesha. Ulikuwa mchanga mtupu. Rutuba yote ilikuwa kwenye majani yaliyoozea juu, yale tuliyoyatia moto. Mvua ikinyesha asubuhi, kufikia jioni pamekauka, maji yamepenya na kupotelea kwenye nyufa za mawe ya chokaa yaliyo chini. Mahali pengine jembe liligonga jiwe kabla halijazama. Migomba aliyoibeba mama kutoka nyumbani ilidumaa, majani yakawa manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Samadi nayo ilikwenda na maji. Baba aliilaumu mvua, akailaumu mbegu, kisha akamlaumu mama kwa kukosa imani. Hilo la mwisho sijamsamehe, na sidhani nitamsamehe.

Mama alipofunga mizigo, nami nilifunga yangu. Sasa tumepanga chumba karibu na soko la Keumbu. Baba amebaki kule kwa sababu anaona haya kurudi mikono mitupu. Simwonei huruma.

Kila asubuhi mama hubeba kikapu mgongoni na kwenda kufanya kibarua cha kuchuma chai. Shamba ni lile lile lililokuwa letu, na chai ni ile aliyoipanda mwenyewe alipoolewa. Baba hajui.

Juzi jioni alipiga simu, akauliza kama mvua imenyesha.

"Imenyesha," mama akasema. "Chai imechipua vizuri."

"Huyo aliyenunua anaitunza?"

Mama alitazama vidole vyake, vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani.

"Anaitunza," akajibu. "Amepata mtu anayejua kuchuma."