Wubalem na Mwezi wa Kumi na Tatu

Wubalem Getahun, binti fundi wa kompyuta chuoni kwetu, alipokuwa akiandaa kompyuta za wanafunzi, sisi walimu tulikuwa tunamlisha kwa mikono yetu. Sitanii. Vidole vyake vilikuwa kwenye kibodi asubuhi mpaka jioni, na injera, mkate wetu laini, huliwa kwa mchuzi, na mchuzi na kibodi havipatani hata kidogo. Kwa hiyo tulikata tonge, tukachovya kwenye mchuzi wa shiro, tukamtia kinywani, naye akashukuru kwa kichwa bila kuondoa macho kwenye skrini. Kumtilia mtu tonge mdomoni kwetu ni heshima. Kwa Wubalem ilikuwa pia njia ya kumwepusha asizimie kazini.

Mimi ni Seid Yimer, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi hapa Dessie. Umeme ninauelewa: waya unatoka huku, taa inawaka kule, ukishika vibaya unarushwa. Kitu kisichoshikika huwa sikiamini, na kazi ya Wubalem ilikuwa yote ya vitu visivyoshikika. Katika chumba kilichokuwa stoo ya rangi tuliwekewa kompyuta moja nene kama friji. Ndani ya hiyo moja yeye alikuwa anaumba nyingine nyingi zisizo na mwili, mashine pepe, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, na zile skrini za ukumbini zilikuwa madirisha tu ya kuchungulia humo. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwuliza kama ana homa.

Kila muhula alianza upya. Mashine pepe inapozaliwa haijui lolote. Haina jina, haina mwenyewe, haina hata programu moja ya kufanyia kazi. Wubalem aliikalia moja, akaijibu maswali yake, ndiyo, ndiyo, endelea, hapana, ndiyo, akaipa jina la mwanafunzi na neno la siri, kisha akahamia ya pili na kujibu maswali yale yale. Wiki mbili zilikwisha hivyo. Vifundo vya mikono vilimvimba akawa anavifunga vitambaa kama bondia. Muhula mmoja umeme wa mji ulikatika vibaya, ukarudi vibaya zaidi, na mashine zote alizokwisha kuziandaa zikaharibika. Nilimkuta stoo amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nilimletea kahawa nikaenda zangu.

Baada ya hapo akaanza kujifunza Python, hiyo lugha wanayoiagizia kompyuta. Alikuwa amesoma hapa hapa chuoni kisha akaajiriwa, na waliomfundisha waliijua kidogo tu, basi ilibidi ajichimbie mwenyewe. Nilikuwa nikipita stoo namwona anaandika, anafuta, anacheka peke yake.

"Unaandika nini siku zote hizo, mwanangu?"

"Maagizo ya kuzaliwa, Gashe Seid." Gashe ndivyo wadogo wanavyomwita kaka mkubwa. "Mashine ikifumbua macho tu, kabla haijauliza kitu, inakuta nimeshaiandikia. Jina lako hili, mwenyewe fulani, pakia hiki na hiki, funga mlango huu, fungua ule. Naandika mara moja, zinasoma zote."

"Zote kwa mpigo?"

"Kasisi anabatiza mtoto mmoja mmoja. Mimi nitabatiza parokia nzima kwa kikombe kimoja cha maji."

"Na sisi Waislamu je? Mashine zetu?"

"Zenu nitazinyoa nywele siku ya saba. Hebu toka, gashe, unaniharibia hesabu!"

Mwaka huo wakubwa wa mitihani walikubali kwa mara ya kwanza mtihani wa vitendo ufanyike Dessie, badala ya watoto wetu kusafiri hadi Addis Ababa. Walitoa masharti. Mashine ziumbwe asubuhi ile ile, mbele ya macho ya msimamizi, ili asiwepo wa kuficha majibu humo. Majina ya watahiniwa yangekuja na msimamizi mwenyewe yakiwa yamefungwa. Na kengele ya saa tatu ikilia, asiye na mashine inayowaka mbele yake anahesabiwa kuwa hakufika, anarudia mwaka. Wubalem alimwahidi mkurugenzi wetu, Ato Girmachew, Ato kwetu ni Bwana, kwamba hakuna atakayekosa. Alisema hivyo mbele yetu wote. Mimi niliona amejitia kitanzi.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mkavu aitwaye Bi Abonesh, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Watahiniwa walikaa ukumbini, thelathini na sita, kila mmoja mbele ya skrini nyeusi. Sisi tulisimama mlangoni mwa stoo, ambao unatazamana na ukumbi. Wubalem akaingiza majina yale pamoja na tarehe za kuzaliwa, maana maneno ya siri yangetokana nazo. Akatutazama, akabonyeza kitufe kimoja. Kimoja tu.

Kwa muda hakikutokea kitu, nikaanza kumhurumia. Kisha skrini ya kwanza mstari wa mbele ikawaka. Maandishi yakaanza kumiminika yenyewe, mstari juu ya mstari, haraka kuliko jicho, yale yale ndiyo, ndiyo, endelea niliyoyasikia miaka yote, ila sasa hapakuwa na mtu anayejibu. Mwisho likatokea jina la kijana aliyekaa pale, kamili, na la baba yake. Na kabla sijameza mate, ya pili ikawaka, na ya tatu, mstari mzima, nuru ikirudi nyuma ukumbini kiti kwa kiti, na kila mtoto akiona jina lake linaandikwa na asiyeonekana. Nasema wazi: niliogopa. Nimefundisha umeme maisha yangu yote, na sikuwahi kuona kitu kikitoka pasipo kitu namna ile. Nilisema subhanallah kwa sauti, na Ato Girmachew, Mkristo, akaitikia amina.

Katikati ya ukumbi nuru ikasimama.

Nusu ya nyuma ilibaki giza. Stoo, kwenye skrini ya Wubalem, yalikuwa yametokea maneno machache mekundu.

"Inasemaje?" mkurugenzi akauliza.

Wubalem alisoma, akatoa kicheko kifupi, halafu rangi ikamtoka. "Inasema mwezi lazima uwe kati ya moja na kumi na mbili."

"Nani kaiambia hivyo?" nikafoka. "Mwaka una miezi kumi na mitatu!"

"Ndiyo, gashe. Kwetu."

Sasa hapo wote tukaelewa. Miezi yetu kumi na miwili ina siku thelathini kila mmoja, na zile chache zinazobaki mwishoni ndizo Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu. Wubalem alikuwa ameiambia Python izihesabu tarehe za watoto kama tarehe za kalenda, naye alijaribu kwa tarehe zetu walimu, ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa Pagume. Python imetoka kwa watu wenye miezi kumi na miwili. Ilipofika kwa binti mmoja, Senayit Demeke, ikamwona hajapata kuzaliwa, ikagoma kuendelea.

Ato Girmachew alitazama saa ya Bi Abonesh. "Mtoe huyo mmoja," akasema kwa sauti ya chini. "Waliobaki nyuma yake wapite. Tutamtetea mwakani."

Senayit alikuwa amekuja mlangoni, ameona skrini yake ndiyo ya kwanza kukosa. Alikuwa amesikia. Msichana mrefu, amejitanda netela nyeupe, uso mtulivu wa mtu aliyekwisha kuzoea foleni.

"Dada Wubalem, niandike Nehase tu," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Usisumbuke. Hata kwenye laini ya simu nimeandikwa Nehase. Nimezoea."

"Mama yako alikuzaa lini?"

"Tarehe tatu Pagume. Siku ya Malaika Rufaeli. Anasema mvua ilikuwa inanyesha, watoto wote wako nje wanaioga, maana ya siku hiyo ni baraka, na mkunga akaingia kaloa chapachapa."

"Basi ndiyo tarehe yako. Usizoee wewe. Mashine ndiyo itazoea."

"Wubalem!" mkurugenzi akasema. "Si wakati wa ushujaa. Ni mtoto mmoja!"

"Niliahidi hakuna atakayekosa, Ato Girmachew. Sikuahidi wengi wao tu."

Alikuwa amekwisha kuinamia kibodi. Baadaye alinieleza alichofanya: aliiambia Python iache kuzihesabu tarehe, izichukue kama herufi tu, zilivyo, ilivyopewa, isihoji. Mistari miwili. Ila alikuwa hajayafundisha maagizo yake kuanzia katikati. Ilibidi kuanza mwanzo.

"Nazifuta zote," akasema.

"Zipi zote?" mkurugenzi akashika fremu ya mlango. "Zile zinazowaka?"

"Zote."

"Unafuta ishirini nzima kwa ajili ya moja? Bi Abonesh, mwambie!"

Bi Abonesh hakuinua uso. "Mimi kengele yangu ni saa tatu. Siisogezi mbele, siisogezi nyuma. Mashine ni zake."

Nilikumbuka vifundo vilivyovimba, wiki mbili kwa kila muhula, na yule Wubalem aliyekaa sakafuni. Wubalem akabonyeza, na ukumbi wote ukazima. Watoto walitoa sauti moja, aaa, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Ato Girmachew akafumba macho. Nikamtazama Wubalem usoni nikiamini nitaona hofu, nikaona ametulia kuliko siku zote nilizomjua. Zamani kila mashine ilikuwa sehemu ya mwili wake, ikiharibika anaumia. Sasa hazikuwa na thamani hata moja. Kilichokuwa na thamani kilikuwa kile alichokiandika, na kile hakikuwa kimefutika.

Akabonyeza tena.

Ikawaka ya kwanza. Ikawaka ya pili. Mstari wa mbele ukajaa, ukafuata wa pili. Nuru ikafika katikati, pale pale iliposimama. Senayit alikuwa amekwisha kukimbia kurudi kitini, amekaa wima, mikono mapajani. Skrini yake ilibaki nyeusi. Kisha ikawaka, ikaandika yale maneno yake yote kwa pupa, ikaandika Senayit Demeke, na nuru ikampita ikaenda kwa wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mpaka ukutani.

Bi Abonesh akatazama saa yake, akatazama ukumbi, akapiga kengele.

Vibodi vikaanza kulia kila upande. Neno la siri la Senayit lilikuwa tarehe yake: tatu, kumi na tatu, na mwaka. Nilimwona akizibonyeza tarakimu kwa kidole kimoja, polepole. Mashine ikafunguka. Yeye hakuendelea. Alikaa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika, mpaka Bi Abonesh akamwendea.

"Una tatizo, binti?"

"Hapana, mama," Senayit akasema. "Sina tatizo. Ni mara ya kwanza tu."

Akajifuta macho kwa ncha ya netela, akavuta kibodi, akaanza mtihani.