Jicho la Mama

Dereva wa nyumba ninayofanyia kazi hapa Jeddah ni Mpunjabi. Akimngoja madam, husoma riwaya ya Kipunjabi kuhusu mafukara wa kwao. Leo amenisimulia kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga: "Dada, huyu mama anavunja matofali, wanawe wanamtazama." Akanipa kitabu nikishike. Kilinuka vumbi, na tangu hapo nimepiga deki sebule ileile mara mbili.

Kwetu mama alikuwa akiponda kokoto. Siku moja kipande kiliruka, kikamwingia jichoni. Aliniita, akapiga magoti, akalifumbua jicho kwa vidole viwili.

"Nipulizie, mwanangu. Lori linakuja."

Nilipuliza. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa machozi, sikuona kitu. Wenzangu walikuwa wananiita tukacheze.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, mama."

Akaniamini. Akashika nyundo, akaponda mpaka lori likajaa.

Jicho lile liliingia ukungu, halikuona tena. Majirani walipomuuliza, alinivuta karibu na kuwaambia, "Bahati nzuri binti yangu alikuwepo. Yeye ndiye aliyenitoa kile kijiwe."