Jino la Kinyozi Lililozibwa

Kinyozi mmoja, ambaye wateja walimwita Redio kwa jinsi alivyopenda kupiga soga, alizibwa jino lililotoboka. Daktari wa meno, mama mmoja mpole, alimwonya asitafune chochote mpaka ganzi iishe. Kisha akamwambia, "Ukiona jino hili linatangulia kugusana na mengine, rudi."

Ganzi ilipoisha, jino likatangulia kweli. Kila akifunga mdomo, ilikuwa kama ameng'ata punje ya mchanga. Hakurudi. Alijiambia kuwa litakaa sawa lenyewe, tena aliona haya kumkosoa daktari. Akawa anatafunia upande mmoja, taya linamuuma mpaka sikioni, na maongezi pale kinyozini yakapoa. Wateja walidhani amefiwa.

Mkewe ndiye aliyechoka. "Baba watoto, shati likikubana si unalirudisha kwa fundi? Jino je?"

Akaenda shingo upande. Alianza kuomba radhi hata kabla ya kukaa, daktari akacheka.

"Kaka, siku ile ulikuwa na ganzi. Ningejuaje, ikiwa wewe mwenyewe hukujua?"

Akamng'atisha karatasi ya rangi, akaona doa pale palipozidi, akapasugua kidogo kwa mashine. Hata sindano haikuhitajika. Kinyozi alifunga mdomo, akafungua, akafunga tena. Meno yakakutana yote kwa pamoja.

Jioni ile alikula nyama taratibu, akitafunia pande zote mbili. Alijisikia vizuri, ila alijuta kwamba alikuwa amejitesa bure.